Mgeni Njoo, Nani Apone? Uhakiki wa Maandishi Yanayotualika Kuitembelea Mtwara

Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Mhadhiri akitaja fasihi simulizi tunaongeza ngano, methali na majigambo, basi. Kuna utanzu mmoja tunaousoma karibu kila wiki lakini hatuuiti fasihi. Huu ni utanzu wa maandishi yanayomwalika mtu kutembelea mahali: vipeperushi vya watalii, vitabu vya kuwaongoza wageni, kurasa za safari katika magazeti, na yale maelezo yanayobandikwa ukutani kwenye hoteli.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maandishi hayo kwa kuutazama mji wa Mtwara, jirani yake Mikindani, na mwambao unaoteremka hadi mlango wa mto Ruvuma. Mji huu husifiwa kwa mambo matatu: mazingira, utamaduni na chakula. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mialiko ya kwenda kusini imeongezeka tangu Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003. Pili, mimi kwetu ni Mpapura, kata iliyomo katika Wilaya ya Mtwara. Kila ninaposoma maandishi hayo naiona bahari, nauona mchanga, nawaona hata nyangumi. Watu ninaowafahamu siwaoni.

Swali langu ni hili: katika maandishi ya namna hii nani anasema, nani anasemwa, na mwenyeji ana haki gani ndani ya sentensi?

Kabla ya kuendelea inabidi nijibu hoja moja. Baadhi ya wenzetu hudai kwamba kipeperushi ni tangazo tu la biashara, na kukihakiki ni sawa na kuhakiki kibandiko cha sabuni. Sikubaliani nao. Kipeperushi kina msimulizi, kina mandhari, kina wahusika na kina ujumbe. Zaidi ya hayo, kina wasomaji wengi kuliko diwani yoyote iliyomo katika maktaba yetu. Kijana wa Arusha au Mwanza ambaye hajawahi kufika Mtwara anaijua Mtwara kwa maandishi hayo. Sasa kama fasihi ni chombo cha kuiumba picha ya jamii, iweje chombo kinachoiumba picha hiyo kwa nguvu zaidi tukiache bila kukigusa?

Sarufi ya mwaliko

Tuanze na fani, maana hapo ndipo maudhui yalipojificha. Chukua kipeperushi chochote cha mji wa mwambao ukipige msasa kwa vigezo vya elimumitindo. Kitu cha kwanza utakachokiona ni nafsi. Msimulizi anasema na nafsi ya pili, "wewe". Mwenyeji ni nafsi ya tatu, tena wingi: "wao", "wakazi", "wenyeji". Hakuna "mimi" wala "sisi" ya mtu wa Mikindani.

Cha pili ni vitenzi. Utaona, utaonja, utaogelea, utapumzika, utashangaa. Vitenzi vyote vya maana anavitenda mgeni, na vyote viko katika wakati ujao wenye uhakika, kama ahadi. Mwenyeji amepewa nini? Amepewa vivumishi: mkarimu, mchangamfu, mwenye tabasamu. Hana kitenzi. Halimi, hapandi, havui, hadai, hakasirika. Katika masomo yetu ya riwaya mhusika wa namna hiyo tunamwita mhusika bapa, na mwandishi akiwajaza wahusika bapa kitabu kizima tunamkosoa bila huruma. Hapa tunapita kimya.

Cha tatu ni wakati wa mandhari. Mandhari ya kipeperushi haina jana. Boma la Mikindani lipo, mibuyu ipo, bahari ipo, kama vile vyote vilishushwa siku moja. Tarehe zikitajwa hutajwa kama mapambo, hazielezi sababu ya kitu chochote.

Neno "kienyeji" nalo linastahili kutazamwa. Limetokana na "mwenyeji", yaani mwenye mji, mtu mwenye haki na mahali. Hebu angalia lilikofikia katika mazungumzo yetu. Mtu akifanya kazi bila utaratibu tunasema kaifanya kienyeji. Dawa isiyopimwa ni ya kienyeji. Lakini kuku akiwa wa kienyeji bei inapanda! Yaani tumelidharau neno linapomhusu mtu mwenyewe, tukalithamini linapohusu kitu kinacholiwa. Maandishi ya kitalii hayakuanzisha jambo hili, ila yanalitumia sana. Chakula cha kienyeji kinasifiwa, mwenyeji aliyekipika hana jina.

"Haijaguswa"

Katika msamiati wote wa mwaliko wa kusini hakuna sifa inayorudiwa kama hii: ardhi ambayo haijaguswa. Wengine husema bikira, wengine husema iliyosahaulika. Msomaji wa haraka anaweza kudhani ni sifa nzuri. Mhakiki anapaswa kuuliza: haijaguswa na nani?

Tuitazame historia. Mwaka 1895 Wajerumani walijenga boma lao Mikindani, lile lile ambalo baadaye lilikarabatiwa likageuzwa hoteli. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mpango mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli, na kwa ajili ya reli ikajengwa bandari ya kina kirefu hapa Mtwara. Mpango ulikwisha vunjika mwaka 1951, na mamilioni ya pauni yakapotea. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zenyewe zikiwa zimekwishashindwa. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo mji wa Mtwara tunaouona, pamoja na mitaa yake mipana iliyoachana mbalimbali, ni mji uliopimwa kwa matumaini ya mtu mwingine.

Mwaka 1964 vita vya ukombozi vilianza ng'ambo ya Ruvuma. Nchi yetu iliwapokea wapiganaji wa FRELIMO, na Nachingwea ikawa kambi yao kubwa ya mafunzo. Mwambao wa Ruvuma ukawa mstari wa mbele hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Barabara ya kwenda Dar es Salaam iliendelea kukatwa na Rufiji. Watu walilala Ndundu wakisubiri kivuko mpaka mwaka 2003 lilipopatikana daraja, na vipande vya lami vilivyobaki vikachukua miaka mingine mingi.

Mwaka 1982 gesi iligunduliwa Mnazi Bay, upande wa Msimbati. Mwaka 2013 ulipoanza mradi wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, Mtwara ilichafuka, mwezi Januari na tena mwezi Mei. Watu walifariki, nyumba zilichomwa moto. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015.

Sasa ardhi hiyo ndiyo haijaguswa? Imeguswa na boma, imeguswa na karanga, imeguswa na vita, imeguswa na bomba. Ukimya wa fukwe za kusini, ambao mgeni anaulipia, kwa sehemu kubwa umetokana na kukosa barabara na reli kufungwa. Maandishi yanachukua matokeo ya kuachwa nyuma na kuyauza kama uzuri wa asili. Hapa ndipo fani na maudhui vinaposhikana: mandhari ikinyimwa jana yake, mwenyeji ananyimwa hoja yake. Kijana aliyepiga kelele mwaka 2013 hawezi kueleweka kabisa na mtu ambaye ameisoma Mtwara kama mahali pasipo na historia. Atamwona ni mkorofi tu aliyeharibu picha nzuri.

Hata hifadhi ya bahari imo katika mkumbo huo. Hifadhi ya Mnazi Bay na Mlango wa Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 650, na vijiji kadhaa vimo ndani ya mipaka yake. Matumbawe na mikoko yake vinastahili kulindwa, hasa baada ya uharibifu wa uvuvi wa baruti. Lakini ukisoma mialiko utafikiri ni maji matupu. Mvuvi haonekani, ingawa ndiye aliyeambiwa abadili nyavu na apumzishe baadhi ya sehemu ili matumbawe hayo yapone. Mlinzi amefutwa katika sifa ya kitu anachokilinda.

Mfano wa kale: mgeni aliyekuwa na mwenyeji

Mtu anaweza kusema: haya ndiyo maumbile ya utanzu, mgeni siku zote huandika hivyo. Siyo kweli. Pwani yetu ina mfano wa zamani unaotupa kipimo.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, mtu wa Tangier, alipita pwani hii akifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Habari za safari zake aliziandikisha kwa Ibn Juzayy zikakamilika mwaka 1355, miaka ishirini na ushee baadaye. Katika habari za Mogadishu anaeleza chakula kwa kina: wali uliopikwa kwa samli, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Maelezo hayo yangeweza kuingia katika kipeperushi chochote cha leo.

Ila tazama chakula kinavyoingia katika simulizi. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulifuata kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani iliyofunikwa. Humpa mfanyabiashara mmojawapo na kutamka kwamba huyu ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hufikia kwa kijana huyo, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni, au akimuuzia bila mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo haihesabiki.

Hapa chakula ni mkataba. Sahani ina mbebaji, mbebaji ana sauti, na sauti hiyo ina madai: "huyu ni wangu". Mwenyeji ana faida yake na ana wajibu wake. Mgeni anakula, lakini kwa kula amefungwa. Linganisha na kipeperushi ambamo samaki wa kuchoma anatokea mezani kama ameruka mwenyewe kutoka baharini!

Hata hivyo nisimfanye Ibn Battuta malaika. Akifika Kilwa anamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake wa ajabu, na papo hapo anataja kwamba Sultani huyo alikuwa akiwavamia watu wa bara na kuchukua ngawira. Ukarimu uliomvutia mgeni uligharimiwa na watu ambao hatuwasikii wakisema neno hata moja. Watu hao wa bara ya kusini ni jirani zetu, pengine ni babu zetu. Kipimo tunachokipata hapa ni cha pande mbili: tuulize nani ameleta sahani, na tuulize pia sahani imejazwa kutoka wapi.

Livingstone na wasafiri Waswahili

Mikindani inajivunia kwamba David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866. Shajara zake zilichapishwa London mwaka 1874 baada ya kifo chake, zikiwa zimehaririwa na Horace Waller. Kwa Livingstone, Mikindani ni mlango wa kutokea. Ana ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda wa kujaribu njia, ana askari wa Kihindi na watu wa Anzuani, na macho yake yako bara.

Jambo linalosisimua kiuhakiki liko mwishoni mwa kitabu. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani. Chuma alikuwa Myao, mtu wa makabila yetu haya ya Ruvuma. Baadaye wao wawili walifika Uingereza, wakamsimulia Waller yaliyotokea, naye akayaingiza kitabuni. Kwa maneno mengine, kitabu mashuhuri cha mgeni aliyepita Mikindani hakingekuwa na mwisho kama si simulizi ya wenyeji. Lakini jina lililoko kwenye jalada tunalijua ni la nani.

Upande wa pili tunayo "Safari za Wasuaheli", kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1901 chini ya usimamizi wa Carl Velten. Humo wasafiri wanasema wenyewe kwa Kiswahili. Sleman bin Mwenye Tshande anasimulia safari yake ya bara. Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, anasimulia alivyofika Urusi na Siberia mwaka 1896. Anawatazama watu wa huko, nyumba zao, vyakula vyao na baridi yao kwa macho ya mtu wa pwani, na kwa mara moja Mzungu ndiye anayekuwa kitu cha kutazamwa. Ni kweli kwamba Velten, mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, ndiye aliyeagiza na kupanga simulizi hizo, na kila mtu ajue ukoloni ulikuwa na shughuli zake na maarifa ya namna hiyo. Pamoja na udhaifu huo, kitabu kinathibitisha kwamba utanzu wa safari kwa Kiswahili haukuanza na tafsiri za vipeperushi. Tuna mizizi yetu. Inashangaza kuona maandishi ya leo ya kuhamasisha utalii wa ndani, yanayomwandikia Mtanzania, yakitumia sarufi ya mgeni aliyeshuka kwenye ndege.

Utamaduni: vinyago na sindimba

Kuna kundi la wahakiki watakaofurahia hoja zangu mpaka hapa na kuhitimisha kwamba utalii unaharibu utamaduni asilia, kwa hiyo tuufungie mlango. Hapana. Msimamo huo unaamini lile lile "haijaguswa", ila kwa upande wa pili.

Tuchukue sanaa ya uchongaji ya Wamakonde. Wachongaji wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakafika hadi Dar es Salaam. Huko ndiko, mwaka 1959, Samaki Likankoa alikoibua mtindo wa shetani, na yasimuliwa kwamba mfanyabiashara Mohamed Peera aliununua mchongo wa kwanza na kumhimiza achonge zaidi. Mtindo wa ujamaa, wa watu waliopandiana katika gogo moja, unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Mitindo hii miwili, inayouzwa leo kama roho ya kale ya Wamakonde, ni ya juzi juzi, na imezaliwa katika makutano ya mchongaji, muuzaji na mgeni. Je, hilo linaipunguzia thamani? Hata kidogo. Msanii ni mtu wa wakati wake. Kinachopungua ni ukweli pale muuzaji anapomwambia mnunuzi kwamba kinyago hicho hakina mtunzi, kimetoka "kwa kabila". Likankoa alikuwa mtunzi kama alivyokuwa Shaaban Robert, na mauzo ya jina la kabila yanamfuta.

Sindimba nayo ina somo lake. Ilitoka katika mazingira ya jando na unyago, ikachukuliwa katika miaka ya 1960 na kikundi cha ngoma cha taifa, ikapunguzwa urefu, ikapangwa mistari ya kutazamwa kutoka mbele, ikawa ngoma ya kupokea wageni viwanjani. Kwetu ngoma ina duara. Anayetazama yumo ndani na anaweza kuitwa kucheza. Jukwaani ina mbele na nyuma. Badiliko hilo la umbo ni badiliko la maana: aliyekuwa mshiriki amekuwa mtazamaji. Ndiyo maana naliona Tamasha la MaKuYa, lililoanzishwa Mtwara mwaka 2008 kwa ajili ya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, kuwa jambo la kuhakikiwa kwa makini. Nalo lina jukwaa na ratiba. Ila linachezewa nyumbani, na mtazamaji anayejua ngoma iliyokosewa atazomea. Hadhira inayoweza kuzomea ni ulinzi mkubwa wa sanaa kuliko sifa za kipeperushi.

Chakula: jasho lililofichwa na ladha

Nimeacha chakula mwishoni kwa makusudi, maana ndipo mialiko inapoonekana haina hatia. Nani atagombana na pweza, ngisi, korosho na kisamvu cha nazi?

Tuanze na lile neno "chakula cha asili". Mkorosho asili yake ni Brazil, Wareno ndio walioufikisha pwani hii karne ya 16. Muhogo nao ulitoka Amerika. Ugali wa muhogo na korosho, vyakula vinavyotambulisha Mtwara, vyote ni wageni waliopewa jembe siku ya tatu, wakalima mpaka wakawa wenyeji. Hilo peke yake lingetosha kuwa simulizi tamu ya mji, lakini maandishi yameridhika na "asili".

Korosho ina historia ndefu kuliko utamu wake. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kiasi cha tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Wataalamu wanataja kuhamishwa kwa watu kwenda vijijini, mashamba yakaachwa mbali, wanataja bei, wanataja ugonjwa wa ubwiri unga. Dawa yake ni kupulizia salfa, na mtu yeyote aliyekulia Mpapura anaijua ile asubuhi ya ukungu wa njano mikoroshoni na vikohozi vinavyoufuata. Mwaka 2018 wakulima na wanunuzi walivutana juu ya bei, na mwezi Novemba Serikali ikaamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuzibeba. Sehemu kubwa ya korosho zetu husafirishwa ghafi, zikabanguliwe ng'ambo. Haya yote yamo ndani ya ile sahani ndogo inayowekwa mbele ya mgeni pamoja na soda baridi. Sisemi mgeni akatazwe kula kabla ya kusomewa hesabu za ghala. Nasema maandishi yanayoisifu ladha na kunyamazia salfa yamefanya uteuzi wa kisiasa, hata kama mwandishi hakujua.

Ming'oko nayo imeanza kutajwa. Hii ni mizizi ya porini; huchimbwa, huoshwa, huchemshwa kwa chumvi na kuuzwa mafungu mafungu. Sisi tunaila na chai, bila hotuba. Wanaoichimba wengi ni akina mama, na kuichimba ni kazi, maana inakwenda chini na hukatika ukiwa na haraka. Bibi zetu wanaisimulia pia kama chakula cha miaka ya njaa. Sasa mwandishi akiiita "kitafunio cha kipekee" amesema uwongo? Hajasema. Ameondoa kitenzi, basi. Ameondoa "kuchimba". Turudishe kitenzi hicho na mara moja mama wa ming'oko anakuwa mhusika kamili, mwenye ujuzi, mwenye kiuno kinachouma, mwenye bei anayoitaka.

Msafiri ambaye hajaandikwa

Mpaka hapa tumewazungumzia wanaokuja kusini. Na wanaotoka je? Neno "machinga" lililoenea nchi nzima lilitokana na jina la kabila la Wamachinga wa Lindi, kwa vile vijana wa kusini walionekana wengi katika mitaa ya Dar es Salaam wakitembeza bidhaa mikononi. Yaani watu wa kusini nao wameutembelea mji wa kitropiki wenye bahari, utamaduni na vyakula vya kila namna. Wameutembelea kwa miguu, Kariakoo hadi Mwenge. Wanaijua Dar es Salaam barabara kwa barabara kuliko mwongoza wageni yeyote.

Safari yao iko wapi katika fasihi yetu? Jina la kabila limegeuka jina la kazi, na mara nyingine limekuwa tusi, lakini simulizi ya safari iliyoandikwa na kijana wa namna hiyo kwa nafsi ya kwanza bado ni adimu mno. Salim bin Abakari aliieleza Siberia zaidi ya karne moja iliyopita. Kijana wa Mpapura aliyelala kituo cha mabasi usiku wake wa kwanza mjini hajapata Velten wake, na naona hamhitaji Velten. Anahitaji mwanafunzi wa idara yetu mwenye daftari, atakayemwuliza, atakayemwandika kwa jina endapo mwenyewe ataridhia, na atakayemrudishia maandishi ayasome.

Hitimisho

Methali yetu inasema "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Tumezoea kuifasiri kwa furaha: akija mgeni kuku huchinjwa na watoto wa nyumbani nao hupata paja. Lakini methali inaweka sharti. Inamwita mgeni kwa ajili ya kupona kwa mwenyeji. Kupona huko kusipokuwapo, mwaliko umekosa maana yake. Maandishi ya mwaliko niliyoyahakiki yameshika nusu ya kwanza, "mgeni njoo", yakaiacha nusu ya pili.

Kwa hiyo napendekeza vigezo vitatu vya kuyapima. Mosi, mwenyeji apewe vitenzi, siyo vivumishi peke yake. Pili, mandhari ipewe jana yake, hata kama jana hiyo ni ya karanga zilizoshindwa na mabomba yaliyogombewa. Tatu, kila sahani, kila kinyago na kila ngoma iwe na mtu aliyeileta. Maandishi yatakayotimiza vigezo hivyo hayatapoteza wageni. Mgeni mwenye akili hupenda kujua yuko kwa nani.

Kwa walimu wetu nina ombi: utanzu wa safari uingizwe katika kozi ya nathari, tuanze na wale Waswahili wa 1901 na tumalizie na vipeperushi vya mwaka huu. Kwa wanafunzi wenzangu mtakaokwenda likizo Tanga, Kigoma, Bukoba au Pemba, kusanyeni yanayoandikwa juu ya kwenu na myapime. Huenda mkaona vigezo vyangu vinabana kupita kiasi, au kwamba sifa ya ukarimu inatusaidia kuliko ninavyokubali. Uwanja upo, andikeni tujibizane.